Nani Kasema Useremala ni wa Walioshindwa?

Wanafunzi wenzangu, nina neno, na linaniuma mimi kwanza. Hapa shuleni anayechagua useremala huchekwa. Ati hana akili za fizikia! Hata mimi nilicheka, hadi likizo iliponitia adabu.

Nilitaka kumtengenezea nyanya machela, yaani kile kitanda cha turubai kinachoning'inizwa kwa kamba, apate kujipumzisha sebuleni. Kuta zetu ni za udongo, haziwezi kushika kulabu, basi nikaamua kuunda kiunzi cha mbao. Nikasimamisha nguzo mbili juu ya ubao mrefu, nikapiga misumari, nikakaza kamba zikanyooka twaa. Ikapendeza kweli! Ndugu yangu mdogo, mwenye kilo 40, akajilaza kuijaribu. Lo! Nguzo ziliinamiana, misumari ikachomoka, mtoto akaanguka puu! Namshukuru Mungu alichubuka kiwiko tu. Je, angekuwa nyanya?

Fundi jirani alikuja, akaangua kicheko. "Kijana, umefunga kamba kama ya kuanikia nguo. Ilegeze, machela ibonyee." Kisha akanionyesha kuegemeza kila nguzo kwa ubao wa mshazari, na kutumia bolti badala ya misumari.

Usiku nilishika kalamu. Kamba zikiteremka kwa nyuzi 30, kila moja huvutwa kwa nguvu sawa na uzito wote wa aliyelala. Zikiteremka kwa nyuzi 10 tu, mvuto hukaribia mara tatu. Kwa ndugu yangu, hiyo ni kama kilo 115 kila upande! Hesabu hiyo nilikuwa nayo daftarini. Fundi, ambaye hakuingia sekondari, aliiona kwa jicho.

Sasa, nani hakuwa na akili? Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, ulinuia tusome kwa kichwa na kwa mikono. Lakini karakana yetu imegeuka stoo ya madawati yaliyovunjika, huku tukibanana watatu watatu darasani!

Maoni yangu ni haya: karakana ifunguliwe kila Jumamosi, na kila kidato kikarabati madawati yake. Walimu wa fizikia nao waje, watufundishe palepale penye mbao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nyanya hulala kwenye machela yake kila alasiri, na kiunzi hakitikisiki. Je, sisi tutabanana hadi lini?