Umeme wa Baricho ukikatwa, anayelipa bili ndiye anayeumia

Ijumaa iliyopita baada ya swala, mweka hazina wa msikiti wetu alisimama kuomba mchango. Haukuwa wa rangi wala wa mazulia. Ulikuwa wa maji. Mfereji ulikuwa mkavu tangu Jumanne, kisima kimepungua, na mitungi ya mkokoteni ilikuwa inamaliza fedha za sanduku. Mzee aliyekaa kando yangu akauliza, "Kwani bili hatukulipa?" Tulilipa. Risiti ipo.

Swali la mzee yule ndilo swali la Pwani nzima.

Mombasa haina mto wala chemchemi kubwa ya kwake. Maji yetu yatoka kwa majirani: Mzima kule Taita Taveta, Baricho kule Kilifi, Marere na Tiwi kule Kwale. Bomba la Mzima lilijengwa miaka ya 1950, lasafiri kama kilomita 220, na maji yake huteremka yenyewe kwa mwinamo wa ardhi. Baricho ni habari nyingine. Pale kuna visima kando ya mto Sabaki, na kila tone lasukumwa kwa pampu za umeme hadi Malindi, Kilifi na Mombasa. Umeme ukizimika, miji yote hiyo hukauka pamoja.

Na umeme umezimika zaidi ya mara moja, si kwa hitilafu ila kwa deni. Tuufuate mnyororo. Wewe unalipa kampuni ya maji ya kaunti. Kampuni hiyo hununua maji kwa jumla kutoka Shirika la Ustawi wa Kazi za Maji Pwani, lililo chini ya serikali kuu. Shirika hilo ndilo linalodaiwa na Kenya Power. Kampuni za kaunti zisipolipa, shirika halina cha kulipa, na Kenya Power hukata. Anayekatiwa hajui kama wewe ulilipa au hukulipa. Mlipaji na mwizi wa maji hubeba mtungi mmoja.

Kampuni nazo zina hoja zao. Zasema zimerithi madeni ya zamani, na mara nyingi kuna mzozo juu ya kiasi cha maji kilichopokewa kweli. Sizipuuzi. Lakini angalia upande wa pili. Kote nchini, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa hayaleti hata shilingi: yavuja njiani, yaibwa, au mita hazisomwi sawasawa. Katika mitungi kumi iliyosukumwa kwa umeme wa bei ghali, minne imekwenda bure. Duka gani litakaa wazi namna hiyo?

Wanasiasa wetu wakisikia haya hutaja Bwawa la Mwache. Nami nalitaka bwawa. Ila maji ya Mwache yataingia katika mabomba haya haya na vitabu vya hesabu hivi hivi. Mnyororo ukibaki ulivyo, tutakuwa tumeongeza maji ya kuvuja na deni la kugombania.

Kuna mji uliwahi kutoka shimoni. Phnom Penh, Kambodia, mwaka 1993 ulikuwa umetoka vitani na ulikuwa ukipoteza asilimia 72 ya maji yake. Mkuu mpya wa maji, Ek Sonn Chan, aliweka mita, akawaadhibu wafanyakazi waliouza maji kwa mlango wa nyuma, na akawakatia wakubwa waliozoea kutolipa, wanajeshi wakiwemo. Katika muda wa miaka kama 15 hasara ilishuka hadi takriban asilimia 6. Hakuanza na mama muuza maandazi. Hapa kwetu taasisi za umma ni wadaiwa wakubwa, lakini fundi wa kukata maji hubisha hodi kwanza kwenye nyumba za vyumba sita.

Ninaloona mimi ni hili. Sehemu ya kila bili inayolipwa ingekwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kulipia maji ya jumla na umeme, kabla haijagusa mishahara, magari wala semina. Mita za bomba kuu zisomwe na pande zote mbili kwa pamoja, na tarakimu zitangazwe kila mwezi ili mzozo wa kiasi uishe. Na tusiwasahau wenye chemchemi. Taita Taveta wamelalamika miaka mingi kuwa maji yawapita kwenda mjini, na wanakijiji wanaotembea na punda kando ya bomba wakiona vali, msitegemee wailinde. Fungu lao liwekwe kwenye mkataba, si kwenye hotuba.

Katiba, kifungu cha 43, imetupa haki ya maji safi ya kutosha, na huduma hiyo imekabidhiwa kaunti. Kwa hiyo msimu wa maoni ya umma juu ya bajeti ukifika nitakwenda na maswali mawili: mwezi uliopita tulipokea maji kiasi gani, na tuliyalipia kiasi gani? Kamati ya msikiti imeniomba niyaandike kwa barua yenye muhuri wa msikiti, na mzee yule amesema atakuja kuketi mstari wa mbele na risiti yetu mkononi.