Sungura Hafanywi Rafiki kwa Kukamatwa

Naomba nafasi ndogo niseme juu ya jambo ambalo wenzangu wa bwenini hulicheka. Wengi wetu hapa Tororo, tukiwa wa Uganda au wa Kenya, tumepata kufuga sungura nyumbani. Lakini ni wachache mno waliofuga sungura ajaye mwenyewe akimwona bwana wake. Kosa si la sungura.

Wangu wa kwanza nilimnunua sokoni Busia. Nilimleta nyumbani ndani ya boksi, katika matatu iliyojaa watu, jua likiwa kali. Na sungura hatoki jasho, joto la mwili wake hupungua zaidi kwa masikio. Siku ile ile nikamtoa ili majirani wamwone. Kila mtoto alitaka kumshika. Akarusha teke moja mikononi mwangu, na tangu hapo miguu yake ya nyuma haikusimama tena. Sikujua ya kuwa teke la sungura laweza kuuvunja mgongo wake mwenyewe. Alikufa siku ya tatu. Niliwaambia watu kuwa ni ugonjwa, maana niliona haya.

Wa pili nilimpata likizo ya Desemba. Juma zima sikumgusa. Nilimwekea maji na majani, kisha nikaketi karibu na kizimba nikisoma kitabu changu cha historia. Siku ya tisa alikuja kunusa vidole vyangu. Baadaye akala majani ya viazi vitamu mkononi. Sikumwinua ila baada ya mwezi, mkono mmoja chini ya kifua na wa pili ukitegemeza matako. (Kumning'iniza kwa masikio, kama tuonavyo sokoni, ni ukatili, na wadogo zetu wa kidato cha kwanza wasiige.)

Wako wasemao: sungura ni kitoweo, urafiki wa nini? Sibishani na kitoweo. Lakini jike mwenye hofu huweza kuwaua watoto wake au kuwatupa, basi hata mtaka nyama hapati faida kwa kumtisha. Wengine husema, mshike kwa nguvu kila siku, atazoea. Hazoei huyo, amekata tamaa akatulia, nasi twadhani ametupenda.

Tazameni Morogoro, Tanzania, ambako shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Mwanzilishi wake, Mbelgiji Bart Weetjens, alifuga panya tangu utoto. Hapo hakuna fimbo. Panya wangali wachanga huzoezwa kwanza mikono na sauti za watu, na wakifanya vema hupewa ndizi. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza.

Likizo ijayo mdogo wangu ataletewa sungura wake. Ameniuliza kama ataruhusiwa kumshika siku ya kwanza. Nimemwambia atafute kitabu kinene.