Nyumba na Riziki: Doa Jekundu Chini ya Gari



Wiki hii tumepokea habari kutoka mbali na bahari. Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Kisii, aliachiwa na marehemu mumewe gari moja aina ya Toyota Probox. Gari hilo ndilo shamba lake. Dereva hulitoa alfajiri, hupakia abiria na mikungu ya ndizi baina ya Kisii, Keroka na Nyamira, na jioni huleta hesabu. Kwa hesabu hiyo hulipwa karo ya watoto watatu na kodi ya nyumba.

Asubuhi moja aliona doa jekundu sakafuni pale gari lilipolala. Dereva akalipeleka kwa fundi, na fundi, bila hata kuinama, akatoa hukumu: giaboksi imekufa, inatakiwa nyingine. Bei aliyotajiwa ilimnyima usingizi. Akafungua sanduku, akatoa bangili zake za harusi, akazifunga katika leso tayari kwenda kuziuza. Kabla hajatoka alimpigia simu kaka yake mkubwa, fundi wa mashine za boti huku pwani. Kaka alimwuliza swali moja tu: "Dadangu, hiyo oili inatoka wapi?" Hakuwa na jibu. Wala fundi hakuwa nalo, kwa kuwa hakuangalia.

Tumeona swali hilo liwe somo letu la leo, kwani nyumba nyingi zinaishi kwa chombo kimoja, na mwenye chombo mara nyingi ni mama aliyezoeshwa kuambiwa kwamba mambo ya mashine hayamhusu.

Sisi wa pwani tunaijua giaboksi ya boti. Katika mashine inayofungwa nyuma ya chombo, giaboksi hukaa chini kabisa, ndani ya maji, penye rafadha. Mshipi wa kuvulia ukijisokota nyuma ya rafadha hukata mpira unaoziba shafti, yaani sili. Hapo oili hutoka, maji huingia, na oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Fundi hodari haitupi giaboksi kwa sababu hiyo. Akiiwahi, huondoa mshipi, hubadilisha sili, hutia oili mpya, na chombo hurudi baharini.

Ya gari haipishani sana na hiyo. Ni sanduku la chuma lililojaa oili, na kila mahali panapopita kitu kutoka ndani kwenda nje pamewekwa sili au gasketi. Chuma chenyewe ni nadra kuvuja. Kinachovuja ni milango yake. Tena Kisii na Nyamira ni nchi ya vilima. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kwenda Nyamira huzidi kupanda. Gari likipandishwa milima hiyo kutwa, limebeba kupita kiasi chake, oili hupata moto sana, na moto huo huukausha mpira hata ukapasuka. Kuvuja kwa gari la namna hiyo si ajabu, wala si lazima kuwe ndiyo mauti yake.

Kaka alimwelekeza hatua kwa hatua, nasi tunazipanga hapa kwa faida ya wote.

Kwanza, jua kilichomwagika. Tandaza gazeti au kadibodi chini ya gari usiku kucha, kisha asubuhi utie kidole. Oili ya giaboksi ya otomatiki ikiwa mpya ni nyekundu, ikichakaa huwa kahawia, na huteleza baina ya vidole. Oili ya injini huwa ya rangi ya asali au nyeusi. Maji ya rejeta yaliyotiwa dawa nayo yaweza kuwa mekundu, lakini ni mepesi na yana harufu ya utamu. Katika baadhi ya magari oili ya usukani pia ni nyekundu, basi chungulia kikopo chake kabla ya kuilaumu giaboksi.

Pili, tafuta chanzo. Tone la chini kabisa haliko penye tundu, kwa maana oili hutiririka na upepo wa mwendo huisukuma nyuma. Gari lioshwe vizuri upande wa chini, likaushwe, lipandishwe kilima kimoja, kisha liangaliwe kwa tochi kuanzia juu kushuka. Palipolowa juu kuliko pengine pote ndipo penye mlango uliofunguka. Na asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Liwekewe vigingi imara na magurudumu yazuiwe kwa mawe.

Tatu, pima kiasi kilichobaki. Gari lenye kijiti cha giaboksi hupimwa likiwa limepata moto, mahali tambarare, injini ikinguruma, baada ya gia zote kupitishwa na kurudishwa kwenye maegesho. Oili ikiwa imepungua chini ya alama, gari lisiende kazini, kwani kuvuja hakuui giaboksi kwa haraka kama kuendeshwa kavu.

Chanzo kikijulikana, gharama hujipanga yenyewe. Ikiwa ni nati ya kumwagia oili, huenda ni washa yake tu. Ikiwa ni sampu, bolti hukazwa kwa zamu na kwa kiasi, maana kukaza kwa nguvu huipinda. Zikikataa, hubadilishwa gasketi. Ikiwa ni paipu za kupoza oili, hubadilishwa paipu. Ikiwa ni pale shafti ya gurudumu inapoingia, hutolewa shafti na kutiwa sili mpya. Ikiwa ni baina ya injini na giaboksi, hapo giaboksi haina budi kushushwa na ufundi utagharimu zaidi. Hata hivyo kinachobadilishwa ni sili, si giaboksi nzima.

Giaboksi iliyoumia kweli ina dalili zake: oili nyeusi yenye harufu ya kuungua, vipande vya chuma ndani ya sampu, au injini kupiga kelele na gari lisipande. Na oili ikionekana ya waridi yenye ukungu kama maziwa, maji ya rejeta yameingia. Gari lizimwe hapo hapo.

Jihadharini na urahisi wa uongo. Kujaza oili kila asubuhi bila kuziba ni kuteka maji kwa pakacha. Dawa za chupa huulainisha mpira kwa muda, lakini haziungi uliopasuka. Na oili si moja: Probox za mwanzo, zilizotoka mwaka 2002, hazitumii oili ya zile za kuanzia 2014 zenye giaboksi ya mkanda. Kuitia isiyo yake ni kujinunulia hasara ya pili.

Mama asione haya kusimama penye kazi. Mwambie fundi, "Mwanangu, nionyeshe inapotoka." Patana bei kabla ya bolti ya kwanza kufunguliwa, nunua kifaa mwenyewe au umtume unayemwamini, na udai cha zamani ukitazame. Fundi mwaminifu hachukizwi na hayo. Huyafurahia, kwa kuwa yanailinda heshima yake. Oili chafu ikusanywe katika mtungi, isimwagwe mtaroni, maana mvua huipeleka kwenye mito, na maji ya mto Gucha huishia Ziwa Victoria, wanakovua ndugu zetu wengine.

Dada yetu alifanya hivyo kwa fundi mwingine. Ilikuwa ni sili ya shafti ya kushoto, imekauka kama ganda. Sili, oili mpya na ujira wa fundi, vyote pamoja havikufika hesabu ya siku sita. Dereva naye ameambiwa wazi: abiria ni kwa idadi ya viti, na gazeti litandazwe chini ya gari kila Ijumaa usiku.

Mali ya mayatima ni amana, na amana hailindwi kwa dua peke yake. Hulindwa pia kwa kuinama na kuangalia. Bangili zimerudi sandukuni, na mwenyewe ametuambia kuwa atamvisha binti yake siku ya ndoa, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.