Kipimo cha Gauni la Kupamba

Katika harusi zetu za Pwani, gauni la kupamba huvaliwa mbele ya wanawake watupu. Ajabu ni kwamba kabla ya usiku huo bibi arusi huenda kwa fundi mwanamume, akazungushiwa futi kifuani na kiunoni. Fundi simlaumu, ni riziki yake. Lakini sioni kwa nini kipimo kisichukuliwe nyumbani.

Akina mama, njia ipo. Msichana avae fulana kuukuu inayobana, kisha dadake ambandike utepe wa karatasi wenye gundi, vipande vifupi vifupi, tabaka 2, toka mabegani hata nyongani. Asijibane tumbo; apumue kama kawaida, la sivyo gauni litamsonga usiku kucha. Ichorwe mistari ya kiuno, mabega na ubavu, na mmoja wa kupita juu ya kifua. Bila huo karatasi hailali sawa. Mkasi upite mgongoni taratibu, ukate fulana na utepe pamoja. Vipande vikatwe kwa kufuata mistari, vichorwe juu ya karatasi ya khaki, na kila ukingo uongezwe inchi 1 ya mshono. Jaribuni kwanza kwa shuka kuukuu. Likikaa vyema, fundi atapelekewa karatasi tu.