Uthibitisho Hauvuki Mipaka ya Dhana Zake
Mtu anapodai kwamba itifaki iliyothibitishwa kihisabati haiwezi kuvunjwa, anasahau itifaki ya Needham na Schroeder ya mwaka 1978, yaani utaratibu wa pande mbili kutambuana kwa ujumbe uliofungwa kwa funguo za umma, ambao ulichambuliwa kwa mantiki rasmi bila kasoro yake kuonekana, hadi Gavin Lowe alipobainisha mwaka 1995 kwamba mshiriki halali mwenye hila anaweza kujifanya mtu mwingine. Uchambuzi wa awali ulichukulia washiriki wote kuwa waaminifu. Hata hivyo, wanaobeza zana za uthibitisho wa kihisabati nao wamepotoka, kwani mwaka 1996 Lowe huyohuyo alitumia programu ya FDR, inayopitia kila mfuatano wa hatua katika kielelezo, kuufichua mwanya huo na kuonyesha kwamba marekebisho yake yanauziba. Kwa watumiaji wa fedha za simu katika mtaa wa Njiru, Nairobi, swali zito ni jingine: mama mzee asiyeona vizuri anapomkabidhi wakala simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima ikisikia, ni kielelezo kipi kilichomhesabu anayesimama nyuma yake? Wabunifu wa mifumo ya fedha za simu wanapaswa kumwingiza katika vielelezo vyao tangu mwanzo.