Nakala Isiyo na Mlinzi

Ofisi nyingi siku hizi zimeacha majalada na kuweka kumbukumbu za watu katika seva. Kwa kuogopa hasara huweka seva mbili, moja kuu na nyingine ya kupokea nakala ya kila linaloandikwa. Wakuu wakiulizwa juu ya usalama hujibu: "Tunazo mbili." Jibu hilo halitoshi.

Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu wa nchi nyingi, ilielemewa na shughuli. Seva ya nakala ikabaki nyuma mno, hata seva kuu ikafuta kumbukumbu za mabadiliko ambazo ile ya pili ilikuwa bado haijazisoma. Kunakili kukasimama. Fundi mmoja, akijitahidi kukuanzisha upya, akafuta data akidhani yumo katika seva ya nakala. Kumbe yumo katika seva kuu. Aliizuia amri ile baada ya sekunde moja au mbili, lakini katika gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5 tu.

Binadamu hukosea, na hilo lingesameheka. Lililo zito liligunduliwa baadaye. Nakala za akiba zilizodhaniwa kufanywa kila siku hazikuwapo. Programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo la 9.2, na hifadhidata ya toleo la 9.6, kazi ikawa inashindikana. Barua pepe za kutoa habari hiyo nazo zilikataliwa njiani, na kimya kile kikachukuliwa kuwa ndiyo afya. Kilichowaokoa ni nakala moja iliyofanywa kwa mkono muda wa saa sita kabla, tena kwa haja nyingine kabisa. Hata hivyo miradi ipatayo 5,000 na akaunti mpya 700 hivi zilipata hasara.

Kampuni ilieleza yote hadharani, ujasiri ambao ofisi chache wanao, na ikakiri kwamba hapakuwa na mtu aliyekabidhiwa jukumu la kuzijaribu nakala zile. Hapo ndipo penye kosa, wala si katika kidole cha fundi.

Nasi katika Afrika Mashariki tumekwisha kuweka habari za vitambulisho na kodi katika mashine za namna hiyo. Yapasa kila ofisi ya umma iwe na ofisa mmoja mwenye dhamana hii. Asiridhike kuona taa inawaka, maana seva ya nakala yaweza kuwa hai na huku haijapokea neno tangu juzi. Aiulize imebaki nyuma sekunde ngapi. Ripoti isipofika, aihesabu kuwa ni hatari. Na mara kwa mara aifungue nakala ya akiba katika mashine nyingine aone kama inasomeka.

Waheshimiwa wabunge wanapoombwa fedha za kununua seva, waulize pia ofisa huyo ni nani, na jaribio la mwisho lilifanyika tarehe gani.