Daftari la Wiki: Nguzo Juu ya Lava

Jumanne, chukudu moja, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, ilipita mtaa wa Himbi imebeba bomba la chuma refu kuliko gari, ikaishika barabara nzima. Pikipiki zikapiga honi, zote kwa pamoja. Bomba halikusogea hata kidogo. Kuhusu honi za Goma, daftari hili limekwisha kusema mengi, na hakuna aliyesikia, kwa sababu ya honi.

*

Bomba lile lilikuwa linakwenda kwenye parseli ya baba mmoja aliyeamua kuwawekea wanawe goli la basketi nyumbani. Ubao na ringi vilitoka ng'ambo pamoja na kijitabu cha maelekezo. Kijitabu kinaagiza shimo la upana wa sentimita 60 na kina cha mita 1.2, humo isimamishwe nguzo, imiminwe zege, mambo yaishe. Fundi alikipitia mpaka ukurasa wa mwisho, akachukua baramini, akapiga chini mara moja. Cheche zikaruka.

"Papa, hapa hapachimbwi," akasema. "Hapa panatobolewa."

Aliyeandika kijitabu hakuwahi kufika Goma. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka ubavuni, lava ikakata katikati ya mji hadi ziwani. Wenyeji walirudi wakajenga juu yake kabla haijapoa sawasawa. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikaishia Buhene, pembezoni mwa mji. Na pale ambapo lava za miaka hiyo hazikufika, iko ya zamani zaidi, imejifunika udongo kidogo wa kuoteshea maua. Ndiyo maana vyoo vingi vya mji huu hupandiwa kwa ngazi: aliyeshindwa kwenda chini amejenga kwenda juu.

Shimo la kijitabu lina sababu zake. Ubao hutokeza mbele ya nguzo, na kijana akiidaka ringi akaning'inia, uzito wake wote unaivuta nguzo iiname. Kitu fulani chini ya ardhi lazima kikatae. Tena, katika nchi za baridi ardhi huganda na kuvimba majira ya barafu, kwa hiyo msingi hupelekwa chini zaidi usije ukasukumwa juu. Goma haina barafu ya namna hiyo. Kinachotakiwa hapa ni kizito cha kuing'ang'ania nguzo, na mwamba upo tayari, bure.

Lakini si kila mwamba. Lava ikipoa huacha mapovu na mapango ndani yake, kwa hiyo fundi alianza kwa kugonga na kusikiliza. Palipolia kama debe tupu akapahama, ingawa ndipo mama wa nyumba alipopachagua, mbali na madirisha. Alipopata mwamba mzito akatoboa matundu, akapuliza vumbi lote (vumbi likibaki simenti haishiki), akachomeka nondo na kuzijazia simenti. Juu yake kitajengwa kitako cha zege chenye bolti zilizotokeza, na nguzo itafungwa kwa nati baada ya kupimwa kwa timazi. Kitako kimwagiwe maji kila siku kwa siku saba kabla ya kubebeshwa chochote. Watoto waliuliza kama siku mbili hazitoshi. Hazitoshi.

Kosa la wengi huja mwishoni. Mita 3.05 za ringi huhesabiwa kutoka sakafu ya kuchezea, wala si kutoka juu ya kitako. Anayefunga ringi leo na kumwaga sakafu mwezi ujao atajikuta na goli fupi, na watoto watakaojisifu bure.

*

Hizo mita 3.05 zenyewe ni bahati tu. Desemba 1891, huko Springfield, Massachusetts, mwalimu James Naismith alipigilia vikapu viwili vya matunda kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi wa mazoezi. Roshani ilikuwa na kimo cha futi kumi, basi dunia nzima ikawa na futi kumi. Ukumbi ule ungejengwa na mtu bahili wa matofali, leo hata mwandishi wa daftari hili angekuwa anadanki.

*

Mchezaji wa basketi Dikembe Mutombo, aliyefariki Septemba 2024, alikuwa na kimo cha mita 2.18. Kwake yeye roshani haikuwa hoja.

*

Sasa jambo la kufa na kupona. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Sake, mazuku hutoka ardhini na kutuama mabondeni. Ni gesi ya kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa tunayovuta, haionekani, na imekwisha kuua mbuzi, watoto na wapita njia. Anayefanikiwa kuchimba shimo huko, la nguzo au la choo, asiliache wazi usiku kucha. Asubuhi asimruhusu mtoto kushuka kuokota mpira au koleo. Kijitabu cha ng'ambo hakina ukurasa huo, na ndio uliotakiwa kutangulia yote.

*

Lava ya 2002 ilifunika kipande cha njia ya ndege ya Goma. Vita vya Januari 2025 viliufunga uwanja mzima. Daftari halina la kuongeza.

*

Jonathan Kuminga alizaliwa Goma Oktoba 2002, mwaka uleule wa lava. Mwaka 2021 Golden State Warriors walimchagua akiwa wa saba katika orodha ya NBA, na 2022 akawa bingwa pamoja nao. Kila akitajwa, wakubwa wa mji hujaa fahari. Fahari hiyo haijawahi kutoboa mwamba. Baba wa Himbi, asiyehutubia popote, amefanya zaidi kwa bomba moja.

*

Ombi kwa wenye magoli, wa sasa na wajao: ubao utazame ndani ya parseli, usitazame paa la jirani. Mpira juu ya mabati hauna tofauti na honi. Na ikifika saa tatu usiku, mpira uingie ndani pamoja na watoto.